Taarifa ya hitilafu, kiraka, nyaraka au tafsiri: uanze na mchango upi katika mradi mdogo wa programu huria?

Anayetaka kuchangia mradi mdogo wa programu huria kwa mara ya kwanza huwa na njia nne mbele yake: kuandika taarifa ya hitilafu aliyokutana nayo, kutuma kiraka cha msimbo, yaani badiliko dogo la maandishi yanayounda programu, kinachoiondoa hitilafu hiyo, kurekebisha nyaraka, au kutafsiri maneno yanayoonekana kwenye skrini. Ushauri anaopewa mara nyingi ni kwamba aanze na lile lililo jepesi kwake, na kwa kuwa nyaraka na tafsiri hazidai ujuzi wa kuandika programu, huelekezwa huko bila kuulizwa zaidi. Ushauri huo, kwa maoni yangu, unaangalia upande mmoja tu wa mizani. Mradi mdogo kwa kawaida hutunzwa na mtu mmoja au wawili, usiku baada ya kazi ya mshahara, na kilicho adimu kuliko vyote hapo ni saa za mtunzaji huyo. Kila kinachotumwa, hata kiwe cha herufi moja, lazima akisome, akielewe, akijaribu na akijibu. Kwa sababu hiyo nimezipima njia hizi nne kwa hesabu mbili: zinakugharimu nini wewe, na zinamgharimu nini yeye.

Isidhaniwe kwamba udogo wa mradi ni udogo wa matumizi yake. Mnamo Machi 2016 maktaba ya JavaScript iitwayo left-pad, yaani kipande cha msimbo cha kutumiwa ndani ya programu nyingine, iliyokuwa na mistari 11 tu, iliondolewa na mwandishi wake kwenye npm, ghala la mtandaoni la maktaba kama hizo, na miradi mikubwa iliyokuwa ikiitegemea, mingine bila wenyewe kujua, ikashindwa kujengwa hadi maktaba hiyo iliporudishwa. Kiraka unachokituma kwa mtu asiyejulikana katika mji usioujua kinaweza kuishia ndani ya programu inayotumiwa na benki.

Taarifa na kiraka kwa hitilafu moja

Njia nzuri ya kuzilinganisha mbili za kwanza ni kuchukua hitilafu moja na kuipitisha kote. Programu nyingi za mauzo huhifadhi fedha kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu, yaani kwa senti, kisha hugawanya kwa 100 pale zinapoonyesha kiasi kwenye risiti. Kwa dola hesabu hiyo inakubali, na kwa shilingi ya Kenya (KES) na ya Tanzania (TZS) pia, kwa sababu ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, kinazipa sarafu hizo tarakimu mbili baada ya nukta. Shilingi ya Uganda (UGX), faranga ya Rwanda (RWF) na faranga ya Burundi (BIF), hata hivyo, hazina tarakimu yoyote baada ya nukta katika kiwango hicho hicho. Mwandishi wa programu ambaye hajawahi kununua kitu Kampala anaweza kugawanya kila kitu kwa 100 bila kusita, na matokeo yake ni kwamba muuzaji aliyepokea shilingi 50,000 anachapa risiti iliyoandikwa UGX 500.00.

Taarifa mbaya ya hitilafu hiyo ni ile inayosema: "Programu yenu haifanyi kazi Uganda, tafadhali rekebisheni haraka." Imeandikwa kwa nusu dakika, lakini inamlazimu mtunzaji aandike kuuliza ni toleo gani, ni kompyuta au simu, ulibonyeza nini, uliona nini, jibu lako litafika kesho yake, naye atalisoma keshokutwa, na wiki itapita kabla neno UGX halijatajwa. Taarifa nzuri ya hitilafu hiyo haizidi mistari saba: toleo la programu, mfumo wa kompyuta, sarafu iliyochaguliwa, kiasi kilichoingizwa, nilichotarajia kuona, nilichokiona, kisha mstari wa mwisho usemao kwamba jambo hilo hilo linatokea kwa RWF na BIF ilhali kwa KES halitokei. Mstari huo wa mwisho ndio wenye thamani kuliko yote mingine, kwa kuwa unamwonyesha mtunzaji mahali pa kutazama kabla hajafungua faili hata moja. Uliupata kwa kujaribu sarafu tatu nyingine, kazi ya dakika tano, na umemwokolea jioni nzima.

Lugha isikutishe hapa. Miradi mingi huendeshwa kwa Kiingereza, lakini taarifa yenye tarakimu sahihi na Kiingereza kilichochechemea humsaidia mtunzaji kuliko insha fasaha isiyo na namba ya toleo.

Kiraka ni jambo jingine kabisa. Ukiutazama msimbo unaweza kuona kwamba dawa ni mistari mitatu: weka jedwali dogo la sarafu zisizo na senti, na usigawanye kwa 100 pale sarafu inapokuwa mojawapo ya hizo. Mtunzaji akikipokea, swali lake la kwanza si kama mistari hiyo mitatu ni sahihi, bali kama kuna mtu aliyekwishazoea kasoro hiyo. Je, wapo wauzaji waliokuwa wakiingiza 5000000 makusudi ili risiti itoke na 50,000.00? Rekodi zao za mwaka mzima zitasomekaje baada ya marekebisho? Maswali haya hayaonekani kwenye kiraka, ila yeye ndiye atakayeulizwa siku hesabu zitakapovurugika, wakati wewe umekwishaendelea na mambo mengine. Kiraka kisichoambatana na jaribio linalothibitisha kwamba UGX, RWF na BIF zinatoka sawa, na kwamba KES na TZS hazikuguswa, ni deni unalompa mtu huku ukiamini kwamba ni zawadi.

Kuna kosa moja la wageni ambalo nimeliona mara nyingi kiasi cha kulitaja peke yake. Programu za kuandikia msimbo siku hizi hupanga upya nafasi na mabano ya faili zima kila unapohifadhi, kwa kufuata mtindo uliouchagua wewe, si ule wa mradi. Unabadilisha mistari mitatu, unahifadhi, unatuma. Mtunzaji anafungua na kukuta mistari mia nne imebadilika. Mitatu yako imo humo ndani, lakini kuitafuta ni sawa na kutafuta punje ya mchele kwenye gunia la chumvi, na watunzaji wengi hulifunga ombi lako la mabadiliko bila kulisoma. Kabla ya kutuma, tazama tofauti kati ya faili la awali na lako mstari kwa mstari, na chochote usichokikusudia kirudishe kilivyokuwa.

Kwa hesabu zangu mbili, basi, taarifa nzuri inakugharimu nusu saa na inampunguzia mtunzaji kazi, wakati kiraka kinaweza kukugharimu siku mbili na bado kikamwongezea. Hii haina maana kwamba kiraka ni kibaya. Maana yake ni kwamba kitangulizwe na taarifa, na mwishoni mwa taarifa uongeze sentensi moja ukisema kwamba unaweza kuandika marekebisho na ungependa kujua kama njia ya jedwali inakubalika. Jibu litakalokuja litakueleza habari za rekodi za zamani ambazo usingezijua. Ninaacha nje ya utaratibu huu makosa yasiyo na mjadala, kama neno lililokosewa herufi kwenye kitufe. Kwa hayo tuma kiraka moja kwa moja.

Chunguza pia kama viraka vinapokelewa kabisa. SQLite, hifadhidata iliyomo karibu katika kila simu janja, msimbo wake uko wazi kwa umma na hauna masharti ya hakimiliki, lakini watunzaji wake wameeleza bayana kwamba hawapokei msimbo kutoka nje. Mradi mwingine utakudai kila badiliko lako liwe na mstari wa "Signed-off-by" wenye jina lako, ukithibitisha kwamba una haki ya kulitoa; ukiwa umeajiriwa kuandika programu, soma kwanza mkataba wako wa kazi, kwa sababu mingine humpa mwajiri kila unachokiandika, hata cha Jumapili.

Jambo la msimbo ulioandikwa na akili unde lazima niliguse, ingawa kwa ufupi. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, zana ya kuhamisha data mtandaoni, amelalamika hadharani kuhusu taarifa za udhaifu wa kiusalama zilizotungwa na mashine, ndefu, zenye lugha nzuri, na zisizo na ukweli wowote, ambazo kila moja ililazimika kusomwa na binadamu. Zana hizo humpunguzia mwandikaji gharama hadi karibu na sifuri huku gharama ya msomaji ikibaki pale pale au ikipanda. Ukizitumia, usitume kitu usichoweza kukitetea mwenyewe kwa maneno yako.

Imani

Pamoja na saa, kuna hesabu ya imani, nayo katika mradi mdogo ina historia chungu. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri ndani ya xz, maktaba ya kubana data, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuifikia kompyuta ya mbali, kulikuwa kukichelewa kwa takribani nusu sekunde. Aliyeupanda mlango huo alikuwa amejitambulisha kwa jina la Jia Tan, na alifika hapo kwa kuchangia viraka vizuri kwa zaidi ya miaka miwili, huku watu wengine wasiojulikana wakimshinikiza mtunzaji wa pekee, Lasse Collin, aongeze mtu wa kumsaidia. Mwaka 2022 mtunzaji huyo alikuwa amekwisha kukumbusha kwamba mradi ule ni wa kujitolea na haulipiwi.

Baada ya tukio hilo, mgeni anayeomba haki ya kuandika moja kwa moja kwenye hazina ya msimbo baada ya viraka viwili anatazamwa kwa jicho la pembeni, na ni sawa atazamwe hivyo. Usiiombe. Usimhimize mtunzaji pia kwa maneno ya lawama kwamba mradi umelala, hata kama kweli umelala. Ukipewa haki hiyo siku moja utakuwa umeipata kwa sababu yeye amechoka kubonyeza kitufe cha kukubali kazi zako.

Nyaraka

Kwenye nyaraka mgeni ana faida ambayo mwenyeji hawezi kuirudisha hata akitaka: hajui. Mtunzaji amesakinisha programu yake mara mia na hazioni tena hatua anazoziruka, mfano ile maktaba iliyokwishakuwemo kwenye kompyuta yake tangu miaka mitano iliyopita. Wewe utakwama kwenye hatua ya tatu, na pale utakapokwama ndipo mchango wako ulipo. Andika ulichokiona kabla hujakizoea, maana ujinga huo hudumu siku moja tu.

Mwenye kuandika kutoka kwetu anaweza pia kuongeza lile ambalo watu wenye mtandao wa waya nyumbani hawalifikirii. Maelekezo mengi huanza kwa kukutaka upakue historia nzima ya mradi, na kwa mradi wa miaka mingi wenye picha ndani yake hiyo ni megabaiti mamia za bando. Amri ya git clone yenye nyongeza ya --depth 1 huleta hali ya sasa peke yake, na kwa anayetaka kusoma au kurekebisha nyaraka hiyo inamtosha. Sentensi moja inayoeleza hivyo kwenye README, faili la maelezo ya mwanzo ya mradi, ni mchango mdogo ambao mtunzaji ataukubali kwa dakika moja.

Wepesi huo huo ndio ulioziponza nyaraka. Hacktoberfest, tamasha la kila Oktoba lililoanzishwa na DigitalOcean mwaka 2014, lilikuwa likiwazawadia fulana walioandika maombi manne ya mabadiliko, na mwaka 2020 miradi mingi ilifurikwa na maombi ya kuongeza neno moja la sifa kwenye README. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba waandaaji walibadilisha masharti kabla Oktoba haijafika mbali, na mradi usiojiandikisha kwa hiari ukaacha kuhesabiwa. Tangu hapo rekebisho dogo la nyaraka kutoka kwa jina geni hupokelewa kwa shaka. Liondoe shaka hilo kwa kueleza ulikuwa ukifanya nini, ukakwama wapi, na rekebisho lako lingekusaidiaje.

Tafsiri

Hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na ushauri wa kawaida. Tafsiri huhesabiwa kuwa mlango wa walio wageni kabisa, na zana kama Weblate zimeufanya uonekane hivyo: unafungua ukurasa, unaona kifungu cha Kiingereza kushoto, unajaza cha Kiswahili kulia, unahifadhi. Kwa Kiswahili kazi hiyo ina mtego ambao Kiingereza hakina, nao uko kwenye upatanisho wa ngeli.

Chukua kifungu ambacho mwandishi wa programu amekiandika mara moja ili kitumike popote: alama ya %s, mahali panapojazwa jina la kitu, ikifuatiwa na neno la Kiingereza lenye maana ya kufutwa. Kwake neno hilo halibadiliki, kitu kiwe picha au mtu. Kwetu picha imefutwa, faili limefutwa, kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa na mtumiaji amefutwa. Mfasiri mwenye haraka anaandika "%s imefutwa" na kuendelea, na baadaye mtumiaji anasoma "Kitabu imefutwa" na kuamua kurudi kwenye Kiingereza, kama wengi wanavyofanya na simu zao. Wakati mwingine unaweza kuukwepa mtego kwa kumfanya mtumiaji awe mtenda: "Umefuta %s" inapatana na chochote kitakachofuata, kitabu au ujumbe. Lakini pale kitu kinapofutika chenyewe kwa kuisha muda wake, hakuna ujanja. Ni lazima mtunzaji akigawe kifungu hicho kimoja kuwa vifungu vitatu au vinne ndani ya msimbo, na mfasiri ambaye alidhani hatahitaji msimbo anajikuta akiandika taarifa ya hitilafu.

Kwa mtunzaji, hesabu ya saa ya tafsiri ni ndogo, na ya imani ni kubwa kuliko ya msimbo. Msimbo anaweza kuusoma. Kiswahili chako hawezi. Anakubali vifungu mia sita akiwa kipofu, akitumaini kwamba hukukosea kitufe cha kufuta kila kitu ukakipa maana ya kughairi. Mtafute Mswahili wa pili akupitie, na useme wazi kwamba amekupitia. Itawabidi pia mkubaliane kuhusu istilahi: "pakua" na "pakia" zimekwishazoeleka, lakini nywila na nenosiri bado zinagombana, na mwanafunzi wa Kenya aliyefundishwa "tarakilishi" darasani husema "kompyuta" anapotoka nje. Miradi inayotofautisha sw-TZ na sw-KE, yaani Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya, hukuruhusu kutenganisha. Mdogo huwa na sw moja, nawe ndiye utakayeamua kwa niaba ya wote.

Tafsiri, isitoshe, haimaliziki. Programu ikiongeza ukurasa mpya, asilimia mia yako inashuka hadi tisini, kisha themanini, na skrini inakuwa mchanganyiko wa lugha mbili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice.org kwa Kiswahili, kazi kubwa iliyohitaji kuundiwa istilahi tangu mwanzo. Toleo kama hilo hubaki na uhai kwa kadiri kunavyokuwa na mtu wa kufasiri kila kinachoongezwa baadaye. Kama huna hakika ya kurudi kila baada ya miezi michache, vifungu hamsini vya skrini ya kwanza vilivyofasiriwa vizuri na kupitiwa na mtu wa pili ni bora kuliko mia sita vya mbio.

Nani achague nini

Ukiwa unaitumia programu kila siku lakini huandiki msimbo, anza na taarifa za hitilafu. Hakuna njia inayomfaa mtunzaji kwa bei ndogo namna hiyo. Ukiwa umeipakua jana, andika nyaraka wiki hii hii. Ukiwa mwanafunzi wa programu anayetafuta kazi ya kumwonyesha mwajiri, kiraka kimoja chenye jaribio na mazungumzo mazuri chini yake kina uzito kuliko ishirini vya kusahihisha herufi. Tafsiri mwachie, au jiwekee, mtu mwenye subira ya mkulima.

Kabla ya yote tazama mambo mawili kwenye ukurasa wa mradi. La kwanza ni faili la leseni: kama halipo, hakuna aliyekuruhusu kunakili wala kubadilisha chochote, hata kama msimbo uko wazi mbele ya macho yako, na mchango wako wa kwanza unaweza kuwa swali la adabu kuhusu jambo hilo. La pili ni maombi ya watu waliokutangulia. Kama matano ya mwisho yalijibiwa, hata kwa kukataliwa, kuna mtu nyumbani. Kama yamekaa mwaka mzima bila neno, tuma taarifa yako fupi, subiri wiki mbili au tatu, ukumbushe mara moja. Akinyamaza bado, na leseni ikiwa ni ya MIT, Apache au GPL, ambazo huruhusu kunakili na kubadilisha, tengeneza nakala yako, rekebisha ile hesabu ya UGX humo, uache jina lake na leseni yake kama vilivyokuwa, na umwandikie mstari mmoja kumweleza nakala hiyo iko wapi.